Yadi ya magari imenipa elfu 480 kwa Toyota Fielder ya 2007, nikubali ama nikatae?

KijanaWaMamboleo: Wadau habari za jioni. Niko na Fielder NZE141 ya 2007, injini haijawahi kufunguliwa, bodi iko sawa isipokuwa bampa ya nyuma ilikwaruzwa hapo Kibuye siku ya soko. Mzee aliileta nyumbani 2018. Nataka kuiacha kwa yadi moja hapa Kisumu niongezee pesa nichukue Fielder ya 2018. Wamenipa 480 na wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Naona ni kidogo sana. Nifanye nini ndio wapandishe? Usingizi umenipotea jameni.

FundiKakamega: Usiangalie 480, angalia pesa unayoongezea. Wanaweza kukupa hata 600 halafu ile yao waipandishe na hiyo 120, utoke hapo ukifurahia bure. Uliza kwanza bei ya gari yao kwa mtu wa keshi, ndio utaje yako. Na bodi usiguse, rangi mpya inafanya mtu ashuku imegongwa.

MamaWawili: Sisi tulipeleka Vitz Nakuru wakatuambia gia boksi imekufa, tukakubali bei ya kutupa. Baadaye tukaiona Section 58 inatembea tu vizuri, mpaka bwanangu akakataa kula siku hiyo. Kijana ipitishe kwa fundi wako kwanza, aandike alichoona.

BabaBungoma: Kwani 2007 ina shida gani? Yangu ni ya 2005 na inabeba mahindi mpaka leo. Lipa karo, wacha kukimbizana na madeni.

KaraniMstaafu: Logbuku, ile karatasi ya umiliki wa gari, iko kwa jina la nani?

KijanaWaMamboleo: Logbuku iko, haina shida. Watu wa yadi wameiona.

KaraniMstaafu: Sijauliza kama iko. Jina la nani?

KijanaWaMamboleo: La mzee. Alituacha mwaka jana. Lakini mimi ndiye nalipa bima na sevisi, mama amekubali, ndugu zangu wana magari yao, na simu ya mzee niko nayo pamoja na pasiwadi yake ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwa hivyo naweza kuhamisha umiliki mwenyewe. Deposti pia nimeshalipa.

KaraniMstaafu: Pole kwa msiba. Hiyo akaunti usiiguse. Sheria ya Urithi, Sura 160, kifungu cha 45, kuuza mali ya marehemu bila idhini ya korti ni kosa la jinai. Mnaanza na barua ya chifu, mnaenda kortini, inatangazwa kwa gazeti la serikali, siku 30 za mwenye pingamizi. Na bei yako ndiyo hiyo imeeleza kila kitu, waliona jina wakajua huna pa kuipeleka. 480 ni bei ya gari isiyo na mwenyewe.

MachoManne: Nyinyi mnadanganywa. Sheria ya miaka 8 ya kuingiza magari ya mtumba nchini ilikuwa inaruhusu magari ya 2011 kuendelea mwaka huo wa 2018. Hii ya 2007 iliingiaje? Huyu ni broka anapima bei.

KijanaWaMamboleo: Nilisema aliileta nyumbani, sikusema aliitoa bandarini Mombasa. Aliinunua kwa mwalimu mmoja wa Luanda hapa Vihiga ikiwa tayari na namba za hapa. Mzee wangu nimemzika, sitamtungia hadithi.

MamaWawili: Macho, hiyo umevuka. Muombe radhi.

FundiKakamega: Broka gani anataja jina la marehemu kwa logbuku? Hiyo ndiyo wanaficha.

MachoManne: Sawa, pole ndugu. Lakini ndugu zako wanajua?

KijanaWaMamboleo: Wa Eldoret bado. Nitampigia leo usiku. Barua ya chifu nitaitafuta na yadi nitawaomba muda, lakini ile ya 2018 siiachi, mama anapelekwa kliniki na hii inazimika njiani. Korti ikimaliza nisishuke chini ya ngapi?

FundiKakamega: Anzia 680. Na hiyo ya kuzimika ungesema mapema, ilete nicheki pampu ya mafuta kabla hujaenda popote.