Naomba ushauri: kakangu anataka kuacha chang'aa ghafla, ni salama?

Wadau habari zenu, niko Kisumu huku Manyatta. Kakangu mkubwa amekunywa chang'aa miaka mingi sana, sasa amesema mwenyewe anaacha na mama amefurahi, anataka tumfungie kwa nyumba wiki nzima, uji na maombi basi. Mimi ndio naogopa, juu asubuhi kabla hajaonja kitu mikono inatetemeka hadi chai inamwagika, jasho linamtoka na usiku halali.

Vile daktari alinieleza, pombe inapoza ubongo, so ukikunywa kila siku ubongo unajikaza zaidi ndio ufanye kazi, sasa ukiitoa ghafla ule mkazo unabaki peke yake na mtu anaweza anguka kifafa siku ya kwanza ama ya pili, halafu ikifika ya tatu hivi achanganyikiwe aone vitu hazipo, na hiyo inaweza ua kabisa. Hosi kuna dawa ya kutuliza wanampa na kuipunguza polepole, pamoja na vitamini B1 juu mtu wa pombe mara nyingi hali vizuri. Kwa mama hiyo yote ni kumdekeza.

Kuna mtu amewahi laza mgonjwa wake hivi Kisumu, Kakamega ama hata Nakuru? SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa ama ni mfukoni? Na laini ya simu 1192 ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi, mliopiga mlisaidika? Mama naye nimwambie aje ndio akubali? Kaka anasema anaanza Jumatatu, tafadhali mnijibu kabla hapo.