Chenso ya bei rahisi inazima choki ikifunguliwa: nitengeneze au niachane nayo?

Mkata_Kuni
Wakuu, naomba ushauri. Nina chenso (msumeno wa injini) ya cc 52, zile za bei rahisi zinazouzwa kwa majina chungu nzima na ndani ni mashine ileile. Inawaka choki (kizuizi cha hewa kwenye kabureta) ikiwa imefungwa, ukiifungua inazima. Ikishapata moto ndiyo haiwaki kabisa. Fundi anataka kubadilisha kabureta, plagi na koili (kinachotengeneza umeme wa cheche) kwa mpigo mmoja. Kazi yenyewe ni kuni na matawi, si kupasua mbao kila siku. Inastahili gharama hiyo?

TupaDuara
Mkuu, usinunue hata plagi kabla hujaiona pistoni. Fungua eksozi, vuta kamba polepole, mulika tochi kwenye tundu la kutolea moshi. Ukuta wa pistoni ukiwa laini, mashine ina uhai. Ukiona mikwaruzo mirefu ya wima, au ringi imeganda kwenye mfereji wake, kabureta mpya ni hela ya bure.

Ukipata geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), zima swichi, bana kifyatuo cha mafuta hadi mwisho, vuta kamba mpaka mshale usipande tena. PSI 140 kwenda juu ni nzima. Chini ya 110 itakusumbua kuwaka, hasa ikiwa ya moto. Ikifika 90, silinda na pistoni vimekwisha, na kwa mashine ya bei hiyo mimi ningeibakiza iwe ya vipuri.

Kisiki
Kuzima choki ikifunguliwa maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Anza na visivyo na gharama. Legeza kifuniko cha tangi; ikitulia, tundu la kupumulia limeziba. Kisha vuta kwa waya chujio lililo ndani ya tangi, na uukunje mpira wa mafuta pale unapopenya ukuta wa tangi. Hapo ndipo mipira ya mashine hizi hupasuka, na ufa hauonekani mpaka uukunje. Kagua pia mpira unaounganisha kabureta na silinda, maana skrubu zake hulegea kwa mtetemo.

Usiendelee kukata huku inazima zima. Oili ya kulainisha pistoni huja na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, joto linapanda, na pistoni inakwaruzika upande wa eksozi. Mashine nyingi za aina hii huuliwa na mpira wa mafuta, kipuri kidogo kuliko vyote.

Kuhusu koili: ikizima ikiwa ya moto, toa plagi papo hapo, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake (mvuke wa petroli hushika moto), kisha vuta. Koili ni mbovu kama cheche inapotea kwenye moto na kurudi mashine ikipoa. Vinginevyo usiiguse.

Mwenye_Spana
Kabureta nzima si lazima. Fungua mifuniko yake miwili, toa diaframu (utando mwembamba unaosukuma petroli). Nzima hulegea kama ngozi laini. Iliyokakamaa hulia kama karatasi na haiwezi tena kusukuma petroli. Seti ya diaframu na gasketi inatosha.

TupaDuara
Hapo natofautiana kidogo. Kabureta za kuiga mara nyingi bei yake inakaribiana na hiyo seti. Ila ikiwa mpya haina maana imesetiwa, na wengi huifunga tu na kuanza kazi.

Mkata_Kuni
Nimefungua. Pistoni safi, kompresheni 145. Mpira wa mafuta una ufa kwenye tangi na diaframu ni ngumu. Kusetije? Na oili kiasi gani?

Kisiki
Basi tengeneza, tena bila kusita. Mpira, chujio, diaframu, na plagi iwe na nafasi ya 0.6 mm. Oili ya kuchanganya: kama kitabu chake kinasema 25:1, ni mililita 40 kwa lita moja ya petroli. Usiongeze "kwa usalama", kwani oili ikizidi inachukua nafasi ya petroli na mchanganyiko unakuwa mkavu zaidi, yaani hewa nyingi kuliko petroli.

Kuseti: funga skrubu za kabureta za L (mwendo wa chini) na H (mwendo wa juu) taratibu mpaka ziguse, bila kukaza, kisha rudisha kila moja mzunguko mmoja na robo. Washa, iache ipate moto. Seti L mpaka ipokee mafuta bila kusita. H iache kwenye unyevu, yaani petroli izidi kidogo: ukibana mafuta hadi mwisho bila mzigo mlio uwe mzito wenye kukatakata, na ukianza kukata unyooke. Ikilia kwa sauti nyembamba kama nyuki, fungua H kidogo. Ukiachia kifyatuo na mlio ukabaki juu, zima: kuna hewa inaingia, pengine kwenye sili za krenki.

Mwenye_Spana
Kabla ya mti wowote, jaribu breki. Mnyororo ukizunguka, sukuma mbele kinga ya mkono iliyo mbele ya mshikio. Lazima mnyororo usimame papo hapo. Usiposimama, mashine hiyo isikate kitu mpaka mkanda wa breki na springi vibadilishwe, kwa sababu ncha ya baa (bamba linalobeba mnyororo) ikigusa gogo inarukia usoni. Na kama mnyororo unazunguka bila kubana mafuta, punguza skrubu ya sailensa (mwendo wa injini ukiwa hujabana mafuta). Mnyororo ukiendelea kuzunguka, springi ya klachi imelegea au imekatika.