Themostati ya BMW E39 (M54): ya nyuzi 97, yenye kasha la alumini, au ya nyuzi 80?

SitaMstari
Wakuu, gari ni BMW 530i E39, injini M54. Mashine inasoma kodi P0128 (injini haifiki joto lake), hita inapuliza vuguvugu ukiwa kwenye mwendo, mafuta yanakwenda kasi, ila mshale wa geji ya joto umetulia katikati. Nimeona njia nne za themostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto):

1. Ya Wahler au Behr, nyuzi 97, ya umeme, kasha la plastiki.
2. Inayofanana nayo, haina jina la mtengenezaji.
3. Ya umeme pia, lakini kasha ni la alumini.
4. Kuweka ya nyuzi 80 isiyo na umeme, ili injini "ipoe".

Ipi inafaa, na kwenye kufunga niwe makini wapi?

Spana32
Kwanza achana na geji. Kwenye E39 mshale umewekwa ukae katikati kuanzia takriban nyuzi 75 hadi karibu 113. Themostati iliyoganda wazi haitaonekana hapo, na ukiuona mshale unapanda basi umeshachelewa.

Soma joto halisi. Kwenye dashibodi yenye skrini kubwa kuna menyu ya siri, jaribio la 7, linaloandika KTMP, yaani joto la maji ya injini. Ikiwa imefungwa, ifungue kwa jaribio la 19: jumlisha tarakimu tano za mwisho za namba ya chasi, hesabu ikifika kwenye jumla hiyo bonyeza. Ukiona 92 hadi 98 kwenye foleni halafu inashuka hadi 70 na kitu ukishaongeza mwendo, themostati haifungi. Kipimo kingine ni cha mkono: washa injini ya baridi ushike mpira wa chini wa rejeta. Ukianza kupata joto dakika za mwanzo tu, maji yanapita pasipotakiwa kupita.

Kwa chaguo, mimi ni namba 1.

Mvuke
Namba 4 ifutwe kabisa, na sababu yake watu wengi hawaijui. Themostati ya M54 ina nta kama nyingine zote, ila ndani ya nta kuna hita ndogo ya umeme. Bila umeme inafunguka nyuzi 97. Injini ikibebeshwa mzigo, kompyuta inapeleka umeme, nta inayeyuka mapema, na joto la maji linashuka hadi kwenye nyuzi 80 na kitu. Kwa hiyo huo "upoaji" unaoutafuta umo tayari, na unakuja pale tu unapohitajika.

Ukiweka ya nyuzi 80 isiyo na umeme unapata matatizo mawili. Injini haifiki joto ambalo kompyuta inalisubiri, kwa hiyo P0128 inabaki palepale na mafuta yanaendelea kumwagwa mengi. Halafu plagi ya umeme inabaki inaning'inia, na hapo utaongezewa P0597, kodi ya mzunguko wa hita ya themostati uliokatika. Gari linalochemsha lina tatizo la pampu, feni, rejeta au hewa ndani ya maji, na hakuna themostati ya baridi itakayoliondoa.

Wenye 540i ya M62TU (injini ya silinda nane) msinakili namba hizi. Yenu inafunguka nyuzi 105.

KijitiChekundu
Naongeza kwenye namba 2. Ukiishika mkononi utaiona: plastiki ina kingo ndogo iliyoachwa na kalibu ya kiwandani kwenye mdomo wa kufungia mpira, na oringi (pete ya mpira ya kuzuia mvujo) imekaa legelege kwenye mfereji wake. Ile kingo ndogo ya plastiki ndiyo inayokata oringi ya mpira wa maji unapoisukuma. Baada ya hapo inavuja tone kwa tone, na utailaumu klipu isiyo na kosa.

Namba 3 mimi siikatai. Plastiki inakauka na kupasuka kwa miaka, alumini haipasuki hivyo.

Mvuke
Alumini haipasuki, sawa, lakini kinachokufa mara nyingi ni kiini, yaani nta, springi na ile hita ya umeme. Kasha zuri lenye kiini kibovu ni mapambo. Ukiipata yenye kiini cha mtengenezaji anayejulikana, na uso wake ukiuweka juu ya kioo hauchezi, ifunge. Ikicheza, irudishe. Usiifukie na silikoni, maana kipande cha silikoni kikimeguka kinaingia kwenye maji na kwenda kukaa kwenye njia nyembamba za rejeta au za hita.

SitaMstari
Nimeelewa, namba 1. Naweza kuipima kwenye sufuria kabla ya kuifunga?

Spana32
Unaweza, ila angalia uko mwinuko gani. Kwenye mita 1,000 juu ya usawa wa bahari maji huchemka karibu na nyuzi 97, na ukipanda zaidi ya hapo huchemka chini yake. Sufuria itatokota na themostati nzima kabisa itabaki imefungwa, nawe utaitupa bure. Tumia kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, hiyo inachemka juu zaidi ya maji matupu. Weka kipimajoto, usiiegemeze kwenye kitako cha sufuria, na sufuria hiyo isirudi jikoni, kulanti ni sumu.

Sasa kufunga, injini ikiwa baridi kabisa:

Toa feni kwanza. Nati ya klachi ya feni ni ya spana 32 na meno yake ni ya kinyume: unalegeza kwa kuzungusha mwelekeo wa saa. Hapa ndipo wengi wanakaza wakidhani wanafungua. Toa na kava ya feni.

Mwaga maji kwa skrubu ya plastiki ya rejeta. Rejeta peke yake haitoi yote. Ukitaka kubadilisha kulanti yote kuna boliti kwenye bloku, upande wa ekzosi. Mfumo mzima unachukua kama lita 10.5, kwa hiyo andaa lita 5 hadi 6 za kulanti isiyochanganywa na maji ya distildi kiasi hichohicho. Tumia ya bluu aina ya G48, usichanganye na rangi nyingine.

Funika alteneta kwa plastiki, iko chini ya eneo hilo na maji yatamwagika. Vuta klipu za waya za mipira kwa bisibisi mpaka zilie "tak". Usizing'oe, zinabaki kwenye mpira. Chomoa plagi ya umeme, kisha fungua boliti za kasha, kichwa cha 10. Moja inashika pia pete ya kunyanyulia injini, kumbuka kuirudisha.

Safisha uso wa injini kwa kipande cha plastiki au mbao, bisibisi itachimba alumini. Oringi mpya za mipira zipake kulanti kidogo, usipake grisi ya mafuta. Boliti anza zote kwa vidole, kisha kaza kwa Nm 10. Ni kidogo sana, na ukikaza kwa hasira unakula meno ya alumini.

KijitiChekundu
Kutoa hewa ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Inua mbele kama unaweza. Washa swichi bila kuwasha injini, weka hita joto la mwisho na upepo wa chini kabisa, ili valvu za hita zibaki wazi. Legeza skrubu ya hewa iliyo pembeni ya mfuniko wa tenki la kulanti, jaza polepolepole mpaka yatoke maji matupu bila mapovu, kisha funga. Skrubu hiyo ni plastiki, ikigusa mwisho acha.

Kiwango kipime siku ya pili, gari likiwa baridi. Usipite alama ya juu ya kijiti chekundu kinachoelea ndani ya tenki, tenki lililojazwa kupita kiasi ndilo linalopasuka kwenye mshono.

SitaMstari
Na kama gari ni otomatiki, ile themostati ndogo iliyo chini ya tenki nayo nibadilishe?

Mvuke
Hapana. Hiyo ni ya mafuta ya giaboksi, haihusiani na P0128. Angalia oringi zake tu. Zikiwa na unyevu wa bluu pembeni, zibadilishe sasa hivi maji yakiwa yameshamwagwa.