Mwenzi au mwenza wa ndoa?

Swali: Ndugu zangu, kadi ya harusi niliyoipokea inanialika "wewe na mwenza wako", ilhali bibi yangu alipoisomewa aliuliza kwa mshangao kama mume wangu ameoa mke wa pili. Neno sahihi ni lipi?

Jibu la kwanza: Bibi ana hoja, dada yangu, kwa kuwa "mke mwenza" ni mwanamke mnayeolewa naye kwa mume mmoja, na hali hiyo huitwa ukewenza. Hata hivyo, "mgombea mwenza" hamtishi mtu.

Jibu la pili: Mimi ningeandika "mwenzi". Asili yake si ndoa bali ushirika, yaani mtu mnayefanana naye au mnayefuatana naye, ndiyo maana husemwa "mwenzio akinyolewa, zako tia maji" pasipo kuwaza arusi, na ndiyo maana watu huongeza "wa ndoa" au "wa maisha" ili maana isipotee. (Wachapaji nao huandika "mwezi wako", jambo linalochekesha zaidi.)

Jibu la tatu: "Mkeo" na "mumeo" hayana utata, ila kadi moja hutumwa kwa wote.