Anauza chipsi mpaka saa 6 usiku na anataka kufanya mtihani wa QT: ratiba yake ipangweje?

Msimamizi wa darasa la jioni

Wakuu, habari zenu. Nauliza kwa ajili ya kijana wa miaka 16 anayekuja kwenye darasa la jioni la bure hapa mtaani, Mbagala. Aliacha shule mwanzoni mwa kidato cha pili, kwa hiyo mtihani wa kidato cha pili hakuufanya. Sasa ni kijana wa kazi kwenye kibanda cha chipsi: anaingia saa 6 mchana, anamenya viazi, anakata kachumbari, anaosha sahani, anapeleka oda, na jioni mwenye kibanda akichoka anashika karai la mafuta. Anatoka saa 6 usiku. Analipwa 6,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kila siku 4,000 anampa mama yake, na fedha hiyo ndiyo inayopika nyumbani.

Darasa letu ni saa 10 mpaka saa 12 jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Anafika mara mbili kwa wiki, akichelewa, na nusu ya muda anasinzia. Mwaka kesho anataka kufanya QT, yaani mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani. Kumwambia aache kazi haiwezekani. Nipangie naye vipi?

Jiko la kona

Ndugu, usianze na ratiba ya masomo. Anza na hesabu ya kazi yenyewe, maana ndipo tatizo lilipo.

Saa 12 kwa 6,000 ni 500 kwa saa. Sasa uliza vibanda vya jirani wanamlipaje mmenyaji wa viazi. Kuna sehemu kumenya kunalipwa kwa ndoo, na mkono uliozoea unamaliza ndoo ya lita 20 kwa kama saa moja. Tuchukue mfano wa 1,000 kwa ndoo. Akimenya ndoo 4 kuanzia saa 1 mpaka saa 5 asubuhi anapata 4,000, na siku yote iliyobaki ni yake. Kwa saa moja analipwa mara mbili ya anacholipwa sasa, kwa sababu zile saa za usiku nyingi ni za kusubiri wateja na kuosha sahani. Anapoteza 2,000 kwa siku, ndiyo, na anapoteza chipsi za usiku alizokuwa anakula bure. Chakula hicho mkihesabu, msikisahau. Ila ile 4,000 ya mama inabaki palepale.

Bosi atakataa kwa sababu moja: viazi vikimenywa asubuhi vitakuwa vyeusi ifikapo jioni. Kijana awe na jibu la kifundi. Kiazi kinakuwa cheusi kikikaa kwenye hewa. Kwa hiyo kila kilichomenywa kiingie kwenye ndoo ya maji safi mara moja na kizame chote, juu kuwe na sahani nzito ya kuvikandamiza visielee. Maji ya kwanza yatakuwa meupe kama maziwa, ni wanga huo, yamwagwe na kuwekwa mengine. Saa 6 mchana mtu wa kibanda abadilishe tena. Ndoo ikae kivulini. Na viazi vibaki vizima. Kukata kufanyike jioni karibu na kukaanga, kwa sababu vilivyokatwa mapema vinanyonya maji, mafuta yanaruka, na chipsi zinatoka laini na nzito. Mwenye kibanda akiona ndoo mbili za majaribio zimefika saa 12 jioni zikiwa nyeupe, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Namna ya kuomba nayo ina maana. Asiende na "nimechoka". Aende asubuhi kabla ya kazi kuchanganya: "Shikamoo bosi. Naomba kuanzia Jumatatu niwe namenya asubuhi kwa ndoo. Ukifika saa 6 utakuta viazi tayari. Nikishindwa wiki mbili, nirudishe zamu ya zamani." Ombi lenye muda wa majaribio ni gumu kulikataa.

Sasa mikono, maana huyu atashika kalamu jioni. Kosa kubwa la wamenyaji wapya ni kumenya viazi vikiwa ndani ya maji. Vidole vinalowa saa nne, ngozi inakunjamana, katikati ya vidole panaanza fangasi, na jioni kalamu inateleza. Viazi vioshwe udongo kwanza, vichujwe, vimenywe vikiwa vikavu, ndipo vizamishwe. Kisu kiwe kidogo na kikali. Kisu butu ndicho kinachokata watu kwa sababu kinalazimishwa, na ndicho kinachoongeza robo saa kwa kila ndoo. Kidole gumba kinachopokea kisu kivishwe kipande cha glavu nene ya mpira. Na asikae kwenye kigoda kifupi huku ameinama, apandishe ndoo juu ya kreti ya soda imfikie magotini. Maumivu ya mgongo ndiyo yanayomlaza darasani, na mwalimu anadhani ni uvivu.

Dada wa ustawi

Naongeza la sheria, maana kwenye swali limepitwa kama jambo la kawaida. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mtoto wa kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kuhudhuria masomo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi ya usiku, na usiku kwa sheria hiyo ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo huyu kijana anafanyishwa saa nne za usiku kila siku kinyume cha sheria, na kushika karai la mafuta ya moto si kazi nyepesi hata kama ni mchana.

Simshauri mtu aanze kwa kumtishia mwenye kibanda, kwa sababu mara nyingi kijana anafukuzwa siku hiyohiyo na mama analala njaa. Pendekezo la Jiko la kona ni zuri kwa sababu linamtoa usiku na kwenye mafuta bila ugomvi. Lakini akinyimwa ujira, akipigwa, au akikatwa fedha kwa sahani zilizovunjwa na mteja, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii au mtendaji wa kata. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, haina gharama ya simu.

Siku zote awe na daftari dogo: tarehe, ndoo ngapi, kalipwa ngapi, kinachodaiwa. Bosi aweke saini fupi kila Jumamosi. Mdai asiye na maandishi huishia kubishana tu.

Mwalimu wa watahiniwa wa kujitegemea

Kwanza hakikisheni QT ndiyo njia yake. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu waliokatisha masomo warudi kwenye mfumo rasmi, na ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilishafutwa tangu 2016. Nendeni na mzazi kwa mkuu wa shule alikoacha, muulize. Ila shule ya kutwa inachukua asubuhi yote, na sare, madaftari na chakula cha mchana haviko kwenye elimu bila ada. Kama ile 4,000 haina mbadala, basi njia ya kujitegemea ndiyo inayoingia kwenye maisha yake.

QT ni mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, maudhui yake ni kidato cha kwanza na cha pili. Angekuwa amefaulu upimaji wa kidato cha pili asingeuhitaji, angejisajili moja kwa moja kidato cha nne. Akifaulu ndipo anajisajili mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yote miwili hufanyika Novemba.

Wengi hawafeli mtihani, wanafeli usajili. Dirisha hufunguliwa Januari, na ada ya kawaida huishia mwisho wa Februari, baada ya hapo kuna faini. Mfuateni mkuu wa kituo cha mtihani mapema Januari awape namba ya rejea. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Baraza, mfumo unatoa namba ya malipo, mnalipa benki au kwa simu, kisha mnarudi kuangalia kama malipo yamesomeka. Chapisheni fomu iliyokamilika muitunze.

Majina ndiyo mtego. Jina la fomu lilingane herufi kwa herufi na la mtihani wa darasa la saba. Kama huko aliandikwa Hamisi na cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, shughulikieni Desemba, si tarehe 27 Februari kwenye foleni ya intaneti kafe. Picha nayo ifuate vipimo vilivyotangazwa, ya selfi ya simu hukataliwa.

Vitabu visiwasumbue sana. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure. Kabla ya kununua vya mitumba hakikisheni vinalingana na muhtasari utakaotahiniwa, kwa kuwa mitaala mipya inaingia kwa awamu.

Msimamizi wa darasa la jioni

Asanteni sana, nimeandika yote. Hapo kwenye fedha nimekwama: akipata 4,000 na zote zikaenda kwa mama, ada ya mtihani itatoka wapi?

Jiko la kona

Jumamosi. Siku hiyo chipsi zinauzwa zaidi na ninyi hamna darasa. Amenye ndoo 6 badala ya 4, apate 2,000 ya ziada. Zaidi ya 6 asifike, kidole gumba kitavimba na Jumatatu hatamenya. Kisha mzungumze na mama siku moja ya wiki apokee 3,500. Hapo mna 2,500 kwa wiki. Kuanzia Oktoba hii mpaka dirisha linafungwa kuna kama wiki 20, kwa hiyo 50,000: ada, picha, nauli na uchapishaji.

Asimwachie bosi amtunzie, itageuka mkopo wa kununulia mafuta ya kukaangia. Kwenye simu pia muwe waangalifu, maana laini ya mtoto wa miaka 16 husajiliwa kwa jina la mzazi, na akiba inakuwa mkononi mwa mwenye laini. Mama na kijana wakubaliane mbele yako kwamba fedha hiyo haiguswi hata unga ukiisha. Ni mazungumzo magumu, lakini yafanyike sasa.

Mwalimu wa watahiniwa wa kujitegemea

Kwa masomo, ratiba iwe nyepesi. Saa 5 mpaka saa 9 ale, aoge, alale hata dakika 40. Saa 10 darasani. Saa 1 na nusu usiku mpaka saa 3 ajisomee somo moja tu, na saa 3 na nusu awe kitandani, kwa sababu saa 11 na nusu alfajiri anaamka. Msimwongezee.

Muda wa kujisomea asiutumie kunakili notisi. Achukue karatasi za mitihani iliyopita kwenye tovuti ya Baraza, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya upimaji wa kidato cha pili. Maudhui ni yaleyale, na taarifa hizo zinaonyesha majibu ya watahiniwa waliokosea na sababu ya kukosa.

Hisabati awe na daftari la makosa. Mfano 3 − 2(x − 4): wengi huandika 3 − 2x − 8, kwa sababu ile alama ya kutoa mbele ya 2 wameisahau ilipofika kwenye 4. Jibu ni 3 − 2x + 8, yaani 11 − 2x. Kosa aliandike ukurasa wa kushoto, njia sahihi kulia. Kila Jumapili afunike upande wa kulia kwa kadibodi afanye upya. Yale atakayokosa tena ayazungushie duara, akuletee Jumatatu saa 10 kabla hujaanza mada mpya.