Mada: Kijerumani changu kimejaa Kiingereza

Wapendwa,
Salamu kutoka Kondele. Nasomea mtihani wa Kijerumani wa B1 (kiwango cha kati) kabla ya kuja huko Ujerumani kwa mafunzo ya uuguzi. Kila wiki daftari linarudi na wino mwekundu: "Heute ich gehe" (leo naenda), "weil ich bin krank" (kwa sababu naumwa). Mwalimu anasema nafikiri kwa Kiingereza. Mimi Mjaluo! Mbona isiwe Dholuo?
Nyar Kondele

Dada, pole.
Akili ikikwama mara nyingi huazima kwa lugha ya darasani, si ya nyumbani. Watafiti Bardel na Falk waliandika hayo 2007, walipochunguza watu wanaojifunza Kiswidi na Kiholanzi. Ambao lugha yao ya pili ilikuwa Kiingereza ndio waliokosea zaidi mahali pa kuweka kikanushi, yaani neno la kukataa.

Lakini Kiswahili nacho ulikisoma darasani. Kiazime hicho! Sema "leo naenda": kitenzi kimeifuata "leo" papo hapo. Ndiyo "heute gehe", kisha ubandike "ich". ("Weil" haina ujanja, kariri tu kwamba kitenzi kinakwenda mwisho.)

Datifu, yaani umbo la anayetendewa jambo, ndiyo tamu. "Ich bringe dem Patienten Wasser": namletea mgonjwa maji. Unaletea nani? Huyo ndiye anayepata "dem". Vivyo hivyo ambia, pikia, saidia. "Uliza" haina mwisho huo wa -ia au -ea, na kweli "fragen" haitaki datifu. Ila jihadhari na "pigia simu". Miezi mitatu wodini nilisema "ich rufe dem Arzt an" (nampigia daktari simu), na wenzangu wakanyamaza kwa adabu. Ni "den Arzt".

Na "ich will" ni nataka, si nitafanya. Nilimjibu msimamizi "ich will morgen kommen", naye akaniuliza nani amenizuia.
Wa Hannover

Niongeze kidogo. Sisi wa Kakamega tumezaliwa na ngeli, nikadhani der, die, das, yaani ngeli tatu za Kijerumani, ni mteremko. Wapi! Ngeli zetu mara nyingi unazisikia mwanzoni mwa neno, zao lazima ukariri. Tena sisi husema "kijana amefika", hatujali ile ki-. Mjerumani anafuata umbo: msichana ni "das Mädchen", basi. Andika kila nomino pamoja na der, die au das yake, kama tulivyoandika umoja na wingi shuleni.
Wa Lurambi

Asanteni sana. Leo nimeandika "Heute rufe ich den Arzt an". Mwalimu ameuliza nani amenisaidia.
Nyar Kondele