Mrejesho: kuyumba nikisimama kwa mguu mmoja

Wakuu, niliuliza kama mazoezi ya uzito wa mwili, bila vyuma, yangenisaidia. Nina miaka 22 na nilikuwa nayumba hata nikivaa soksi nikiwa nimesimama.

Wiki 8 zimepita, siku 3 kwa wiki: skwati, pushapu, planki, na kuchuchumaa kwa mguu mmoja nikishika kiti. Mguu wa kulia umetoka sekunde 12 hadi 50. Wa kushoto, niliowahi kuteguka kifundo, bado unasumbua, ila nauona ukijirekebisha: vidole vinang'ang'ania sakafu, kifundo kinacheza kidogo, kisha natulia. Aliyenishauri nifanye peku, asante mno!

Nikifumba macho sifikishi hata sekunde 10, maana mwili unabaki kutegemea sikio la ndani (linalosaidia kuweka mizani) na hisia za miguu. Hapo ndipo ninapokomaa sasa.